Migomba Iliyopitia Irembo

Jumamosi mchana, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, Alistidia alikuwa amechutama chini ya mgomba wa nchoncho akipunguza machipukizi kwa kisu kifupi. Ng'ambo ya mpaka, jirani yake Penina alikuwa anatandaza nyasi kwenye mibuni. Kati yao kulikuwa na safu ya miramura, mimea ya majani marefu membamba ambayo watu wa Nshamba huipanda kuonyesha mwisho wa kibanja cha huyu, shamba lake la nyumbani la migomba na mibuni, na mwanzo wa kibanja cha yule. Wanawake hao walikuwa wamezungumza juu ya miramura hiyo kwa miaka, na habari zao zilikuwa zilezile: fukusi wa migomba, samadi ya nani imeiva, na mke wa nani anatandaza nyasi mbichi kama mtu asiyefunzwa na mamaye.

"Shina moja unaliachia watoto wengi mno," Penina alisema. "Mama, binti, mjukuu, basi. Hata sisi Walutheri tunajua hilo."

"Ndiyo maana mikungu ya Walutheri ni kama vidole vya mgonjwa."

Penina alicheka, kisha akaacha. "Karugendo anakuja lini?"

"Jumatatu."

Hapo maongezi yakaisha utamu. Taata Ildefons, baba yake Alistidia, alikuwa amezikwa katikati ya migomba hiyo, na matanga yalikwisha anuliwa. Hakuacha mtoto wa kiume. Alistidia ndiye aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, akamuuguza mzee, na akakifufua kibanja kilichokuwa kimebaki majani makavu na nyoka. Lakini kibanja ni cha ukoo, na ukoo ni wanaume. Ulimpa Karugendo, mtoto wa baba mdogo, mfanyabiashara wa ngozi wa Bukoba mjini, mtu ambaye asingeweza kutofautisha mgomba wa kupika na mgomba wa pombe hata ukimwangukia.

Karugendo hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimchosha Alistidia kuliko ubaya. Alifika na baiskeli yake, akamwita dada, akamwambia kwa upole achukue jembe, chungu na mkeka. Ukoo ulimpa Alistidia kipande cha rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyo nje ya vibanja, alime njugu mawe kama wanawake wengine. Akajijengea kibanda huko. Hakutulia. Alilima kidogo, akasimama, akatazama upande wa kwao, akalima tena, akasahau alipokuwa ameishia.

Migomba ilianza kumfuata wiki ileile. Wa kwanza kufika ulikuwa ule wa nchoncho. Alfajiri Alistidia aliukuta umesimama kando ya kibanda, mizizi imejaa matope ya njiani, binti na mjukuu wake wakiwa nyuma yake. Aliona mizizi iko nje, akachimba shimo. Kesho yake ikaja migomba ya enshakala, halafu mingine kwa makundi. Mgomba ni mti wenye adabu: hakuna hata mmoja uliovuka miramura. Yote ilipitia irembo, njia ya kuingilia kibanjani, ambayo Karugendo alikuwa akiiacha wazi kwa ajili ya baiskeli yake.

Watu waliokuwa wakienda misa ya kwanza waliipisha njia. Bwana Shamba wa serikali alisimamisha pikipiki yake, akapima kwa hatua nafasi kati ya mgomba na mgomba, akasema kwamba tangu aletwe huku hajawahi kuona watu wa Nshamba wakipanda kwa nafasi aliyowafundisha. Akawasha pikipiki, akaenda zake.

Aliyelalamika ni Penina, kwa sababu shamba lake la njugu lilikuwa linapakana na kipande hicho.

"Migomba yako imenikanyagia njugu, waitu," alisema. "Jana ilikuwa kule, leo iko huku. Ukisogea na jembe, nayo inasogea."

"Nifanyeje sasa? Niifunge kamba kama mbuzi?"

"Izungushie miramura. Si unajua haivuki?"

Ulikuwa ushauri mwema, wa mkulima kwa mkulima. Wakakata vijiti kwa Penina, wakavichomeka kukizunguka kipande chote, wakaacha irembo upande wa kibanda. Walitaniana siku hiyo mpaka mbavu zikawauma. Migomba ikatulia. Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, Alistidia alilala hadi jua likamkuta kitandani. Hakuna kati yao aliyekumbuka jambo ambalo kila mtoto wa huko hulijua tangu anabebwa mgongoni: mwanamke akilima njugu, hilo ni shamba tu, lakini penye migomba iliyozungushiwa miramura ni kibanja, na kibanja hutafutiwa mwanamume.

Karugendo alikumbuka. Ukoo ukakutana nyumbani kwa Rugemalira, mkubwa wao, na buni za kutafuna zikapitishwa kama ilivyo desturi.

"Migomba hii nani aliipanda?" Rugemalira aliuliza.

"Hakuna, Taata. Ilikuja yenyewe."

"Kutoka wapi?"

"Nyumbani kwa baba."

"Basi ni ya ukoo. Na miramura?"

"Niliipanda mimi na Penina."

"Basi pale ni kibanja."

Alistidia aliinuka. "Taata, migomba yenyewe imenichagua mimi. Wote mmeiona ikipita."

"Tumeiona, binti yangu, hatubishi," Rugemalira alisema, na kweli hakuna aliyebisha. "Lakini mgomba haurithishi. Ukoo ndio unaorithisha."

Hivyo Karugendo akawa na vibanja viwili, kimoja chenye migomba na kimoja chenye mashimo. Katika irembo la hiki kipya akaweka lango la miti. Alistidia akahamia jikoni kwa Penina. Penina ndiye aliyelia zaidi. Mdomo huponza kichwa, alisema, na wake umekiponza kichwa cha mwenzake.

Haukupita muda, Karugendo akaja kuomba. Migomba ilikuwa inajing'oa yenyewe, mikungu imesinyaa. Dada angekuwa tayari kupita mara moja kuitazama? Alistidia akaapa kwamba hakanyagi. Akaketi, akainuka, akachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, akatoka nje, akarudi. Kulipokucha akachukua jembe.

Akaikuta migomba yote imebanana upande mmoja, upande wa nyumbani kwa Penina, majani yameegemea juu ya miramura, mizizi imenyanyuliwa tayari kwa safari. Lango lilikuwa wazi nyuma yake. Kama angetoka bila kulifunga, ingemfuata. Alisimama akaitafakari Nshamba yote, mlima kwa mlima, akitafuta mahali ambapo mgomba ungeweza kusimama ukawa wake. Hakupaona. Na jua lilikuwa linapanda, na mzizi ukikaa juani hufa.

Akaanza na ule wa nchoncho. Akaifukia miguu yake, akashindilia udongo kwa kisigino, akaweka nyasi kavu juu. Mgomba ukatikisika kidogo, kisha ukaacha. Akaenda kwenye wa pili.

Penina alikuja na mzigo wa nyasi kichwani, akasimama nje ya miramura, akamtazama akifanya kazi.

"Umejaza udongo mwingi mno upande huo," alisema baadaye, kwa sauti yake ya Jumamosi.

"Huo ndio upande unaotaka kuondokea."

Alipomaliza wa mwisho, Alistidia alinawa miguu kwa umande wa majani. Akatoka kwa kupitia irembo, akalivuta lango, akalifunga.