Nyumba Iliyokataa Kuzunguka

Kaka yangu hajui kubisha hodi. Siku hiyo aliingia ofisini kwetu, ofisi ya wapima ardhi, akapita mapokezi bila salamu, akatupa ramani juu ya meza yangu.

"Nyumba ya mama imeingia kwenye kiwanja changu," alisema. "Ukuta wangu unapita jikoni kwake. Kamwambie ahame. Mimi akiniona ananuna tu."

Ardhi ile niliipima na kuichora mimi. Baba alipofariki tuligawana mbele ya ukoo mzima, kila mtu akaridhika, au alijifanya. Nyumba ya mama niliiweka kwenye tabaka lake peke yake ndani ya mchoro wa kompyuta, nikalifunga, asije mtu akaisogeza kwa bahati mbaya. Kaka hakutaka nimchoree nyumba yake mpya. Alilipeleka faili la mchoro wangu kwa rafiki yake tunayemwita Chapchap. Huyo hachori. Hunakili nyumba ya mteja wa jana, huihamishia kwenye kiwanja cha mteja wa leo, huizungusha mpaka mlango utazame barabara, kisha hudai chake.

Nilifungua faili la Chapchap lililokuja na ramani hiyo, nikaliona kosa papo hapo. Ardhi yetu imekaa mshazari, na Chapchap alitaka ionekane imenyooka kwenye karatasi. Badala ya kugeuza karatasi, alichagua mchoro wote akauzungusha. Mipaka ikazunguka, barabara ikazunguka, hata choo kikazunguka. Nyumba ya mama, kwa kuwa nilikuwa nimeifunga, ilibaki palepale, na mstari wa mpaka ukaikata katikati kama mkate.

"Nyumba haijahama," nilimwambia kaka. "Mmezungusha kila kitu, mkaiacha yenyewe."

"Usiniletee maneno ya kompyuta. Ramani imesema. Na mafundi wameshaanza kuchimba."

Nilichukua kamba ya kupimia, nikatoka mbio.

Nilipofika, shimo la msingi lilikuwa limebakiza hatua chache kufika jikoni kwa mama. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mikono kifuani, akiwatazama mafundi kama watu waliomwibia.

"Dada, usitulaumu," msimamizi wao aliniambia. "Jiwe la mpaka la mbele tumeliona. La nyuma tumelitafuta tukachoka, ndiyo tukafuata pembe ya kwenye ramani."

Mimi nililijua lilipo. Juu yake palikuwa na lundo la mchanga wa kaka.

"Ondoeni mchanga huu."

"Mchanga wangu hauguswi!" Kaka alikuwa amefika, anahema.

"Bosi, mchanga si dhahabu," msimamizi alisema, akashika sepetu mwenyewe.

Jiwe likaonekana. Tukavuta kamba kutoka jiwe hadi jiwe, ikapita mbali kabisa na jiko, ng'ambo ya maua ya mama. Msimamizi alilitazama shimo lake, akalitazama tena, akatema mate pembeni. Kisha akampigia Chapchap simu, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie.

"Ndugu, ramani yako imepinda."

"Najua imepinda!" Chapchap alijibu. "Si nilimwambia mwenye kiwanja kwamba nyumba ya bi mkubwa imekaa vibaya, nirekebishe? Akasema niiache hivyohivyo, eti ndiyo dawa ya kumtoa."

Kaka aliruka kuinyakua simu. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Mama aliinuka. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige. Alimpokonya kijana mmoja sepetu, akamkabidhi kaka.

"Fukia."

"Mama, nitawalipa hawa wafukie—"

"Hawa walitumwa. Wewe ndiye uliyewatuma. Fukia."

"Na viatu hivi?"

"Vivue basi. Fukia."

Mafundi walikaa kivulini wakimtazama. Mmoja alicheka, msimamizi akamkanya, kisha akacheka yeye. Mimi nilisimama pale kila sepetu ya udongo ikirudi shimoni, na nilifurahi, sitadanganya.

Alipomaliza, shati limemganda mgongoni, kaka alisogea mlangoni kwa mama kuomba maji. Mama alinipisha mimi, niingie. Kisha akafunga mlango, kaka akiwa nje, na tangu nizaliwe sikuwahi kusikia komeo la mlango ule likishuka mchana.