Hisa za Jicho la Pili

Mtaani walimwita Taratibu, na hakuwa na kinyongo na jina hilo. Mtu anayekunywa chai nusu kikombe, akapumzika, ndipo akamalizia, utamwita nani? Mkewe alikuwa fundi cherehani, na macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Mwaka mzima hakuweza kutunga uzi kwenye sindano. Wateja walimtungia wenyewe, mwishowe wakachoka, wakaacha kuja.

Zilikuwapo hisa mia sita, jasho la fundi mwenyewe, na bei ya kila moja ilikuwa imepanda hadi shilingi hamsini. Kwa bei hiyo hisa mia tatu zilitosha kutibu jicho moja, na zote zilitosha yote mawili. Hesabu ya chekechea.

"Uza zote, baba watoto, tumalize," alisema fundi.

"Tukiuza zote leo, kesho ikifika sitini tutajiuma vidole. Tuuze nusu kwanza. Hata daktari si anaanza na jicho moja?"

Hapo alimpata. Fundi alicheka, akakubali. Simu ya kufuatilia na kuuzia hisa ilibaki kwa Taratibu, maana ndiye aliyeona.

Jicho la kwanza lilitibiwa vizuri, ila daktari alisema maandishi madogo yangesubiri wiki kadhaa. Wiki hiyo hiyo bei ilishuka hadi arobaini na sita. Fundi akauliza soko limefungaje. Taratibu akasema hamsini. Hakuwa na nia mbaya, tumpe haki yake. Alidhani kesho itapanda na uongo utajifuta wenyewe. Haikupanda. Ilipofika arobaini, akasema hamsini na moja. Ilipofika thelathini na tatu, akasema hamsini na tatu, maana sasa alikuwa amenogewa.

"Basi uza," mkewe akasema.

"Ngoja kidogo, bado inapanda."

Angeuzaje bila kuumbuka, jamani? Kila asubuhi alijiapiza kwamba leo atasema, na kila alasiri aibu ilikuwa imeongezeka. Hata chai ilimshinda kumaliza.

Wiki ya tano fundi alitunga uzi kwa jaribio la kwanza, bila kuomba msaada. Aliitazama sindano ile kwa furaha, hakutaka hata kuichoma kwenye kitambaa. Kisha akanyoosha mkono, akachukua simu iliyokuwa juu ya meza ya kukatia.

Taratibu alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Alitamani kusema simu haina chaji.

"Ishirini na nane," fundi akasoma. Hakupandisha sauti. "Hii ni ya leo?"

"Ya leo."

"Nioneshe pa kubonyeza."

Akamwonesha. Fundi akauza zote mia tatu kwa kidole chake mwenyewe. Zilitosha nusu ya jicho na chenji kidogo, na hakuna hospitali inayotibu nusu ya jicho.

Kisha akaziba lile jicho zima kwa kiganja, akamtazama mumewe kwa lile lenye ukungu.

"Kwa hili bado wewe ni yule yule," akasema.

Akaondoa kiganja.

"Sasa nifundishe kubadilisha namba ya siri."

Taratibu akaweka ndoo chini, akamfundisha. Walipofika pa kuandika namba mpya, fundi akamwambia ageukie ukutani, naye akageuka.