Safu ya Tatu ya Ticha Aristide

Ticha Aristide alikuja kuniomba barza ya mbele ya nyumba yangu saa saba mchana, amevaa koti la sufu, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi. Soksi zenyewe hazikufanana. Maji ya ziwa yameingia kwenye chumba chake cha kufundishia, akasema, na vijana wa mtaa watabaki wajinga. Nikamwambia, "Leta ubao wako, Papa." Nilikuwa na sababu. Mjukuu wangu Bijou alikuwa anasoma Kiingereza kwake, na nilitaka kuona ni kitu gani kimemchukua miezi minane.

Nikaona. Ubao ulikuwa na safu tatu za maneno. "Go, went, gone!" anapiga fimbo. Wanafunzi kumi na wanne, watu wazima wenye ndevu, wanaitika, "Go, went, gone!" Vitenzi mia moja na hamsini, kila siku, kama watu wanaosali litania. Anayekosea anarudi mwanzo. Na sentensi je? "Sentensi ni za mwaka wa pili," anasema Aristide. Mwaka huo wa pili hakuna aliyewahi kuuona.

Mimi nilisoma kwa masista wa Kongolo mpaka darasa la sita tu. Lakini wakati wa vita nilikaa kambini upande wa Kigoma miaka saba, na Kiingereza nilikipata kwenye foleni. "Your name has been called": jina lako limeitwa. "The maize is finished": mahindi yamekwisha. Usipoelewa, watoto wanalala njaa. Kwa hiyo maneno ya safu ya tatu niliyajua kama sufuria zangu, na niliyajua pamoja na wenzao, maana hayatembei peke yao. "Gone" likikaa peke yake halisemi kitu. Litangulizie "has", basi mtu ameondoka na hayupo. "Taken" likishikwa mkono na "was", kuna aliyechukua, hata kama hatajwi. Na ukisema "got lost", kitu kimepotea tu, hakuna wa kulaumiwa. Mambo ya kila siku. Aristide aliyafunga kwenye safu kama mbuzi wa mnada.

Basi tukichambua ndagala, mimi na Bijou, namuuliza kwa Kiingereza: samaki wamefanyaje?

"The fish have been cleaned, Nkambo."

"Na paka?"

"The cat has eaten two."

Aristide akatusikia. "Mama Victorine, unaniharibia mwanafunzi. Hiki ni Kiingereza cha jikoni!"

"Jikoni njo watu wanakula, Papa," nikamjibu. "Kwako wanatafuna chaki."

Halafu wakaja watu wa visima, kutoka Zambia, wamepanda boti Mpulungu. Walihitaji mkalimani mmoja wa kuzunguka nao vijiji vya upande wa Niemba. Bijou ana diploma ya serikali, na tangu aipate amekaa nyumbani miaka mitatu akihesabu mabati. Hiyo kazi aliitaka mpaka akaanza kuacha chakula kwenye sahani. Wageni wakamwomba Aristide majina manne ya wanafunzi wake wazuri, wawajaribu na kuchagua mmoja. Yeye akatangaza mtihani: vitenzi vyote, bila kupumua katikati.

Bijou alifika cha themanini na saba, akateleza. Aristide akachukua kitambaa chenye maji akafuta jina lake ubaoni, pole pole, mbele ya wote. "Poda utaiona mwaka ujao, mutoto," akamwambia. Kwetu anayefaulu anamwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe kama muntu ametoka kutwanga muhogo. Bijou akarudi jikoni, akalia juu ya beseni la ndagala.

Nimelea watoto tisa, najua kusubiri. Siku ya jaribio nikavaa kitenge cha ibada, nikamshika mkono, tukaenda kwenye nyumba walikofikia wageni. Mlinzi alikuwa na karatasi ya majina. Kambini nilijifunza kusoma orodha kichwa chini, kwenye meza za makarani, kwa hiyo nikaisoma akiwa ameishika. Jina la kwanza: Aristide mwenyewe! Halafu Doudou, Tony na Moustapha, watu ambao hata salamu inawatoa jasho.

Ah. Kumbe ndiyo maana. Alifuta mmoja tu aliyeweza kumpita, akajizungushia wajinga ili ang'ae.

Mama mmoja Mzambia, mnene, wa viatu vya mpira, akatoka akiuliza kwa Kiingereza: anahitaji mzee mwenye lalamiko la kweli, wakalimani wapimwe naye. Mlinzi akamtumbulia macho. Mimi nikanyoosha mkono.

"Na huyu binti?" akaniuliza.

"My granddaughter," nikasema. "She was rubbed out."

Akacheka, akavuta kiti cha tano.

Lalamiko langu lilikuwa la kweli. Nikasema kwa Kiswahili: pompi ya mtaa wetu ilivunjika mwezi wa tatu, fundi ameenda Manono na vyuma vyake, tunataka itengenezwe kabla ya mvua.

Aristide akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Pump break, broke, broken. Man go, went, gone Manono."

Mzambia akasubiri. Akauliza kama fundi amerudi.

"Come, came, come."

Na pompi, imetengenezwa au bado?

"Fix, fixed, fixed," akasema Aristide kwa heshima kubwa.

Yule mama akaandika. Nikaiona pompi yangu inatengenezwa pale pale kwenye karatasi, na nyumbani watu wanachota ziwani.

Doudou na Tony wakamfuata mwalimu wao neno kwa neno. Moustapha akasema "Good morning" akakaa. Halafu Bijou akasimama. "The pump got broken in March. The mechanic has gone to Manono with the parts. They want it fixed before the rains."

Mzambia akafuta alichoandika.

"Hana cheti huyu, na mwenye kukitoa ni mimi!" Aristide akapiga kelele, kwa Kifaransa, maana Kiingereza kilikuwa kimemkimbia.

Mzambia akamgeukia Bijou: anasema nini? Na mjukuu wangu akamtafsiri mwalimu wake, bila kuongeza wala kupunguza: anasema sijapewa cheti, na mwenye kukitoa ni yeye.

Kazi akapewa palepale. Kopo la poda nilikuwa nimelinunua jana yake. Nikammwagia lote getini, mlinzi naye akapiga chafya.

Kesho yake Aristide akaja na koti lake na fimbo yake, akakuta barza nzima nimeanika ndagala, na ubao umeegemezwa nje ukutani.

"Mama, sasa darasa litakaa wapi?"

"It's taken, Papa."

Midomo yake ikaanza kucheza: take, took... Nikamwacha atafute, nikaenda kugeuza samaki.