Bawa la Ndege ya Rubani

Kuna wazee wanaosifu watoto wao hata wakipiga chafya, na kuna Rubani. Ujana wake wote alirusha ndege za vita kutoka kwenye sitaha ya manowari, na mwanawe alipochagua ufundi wa karakana katika makumbusho ya wanamaji, mzee akampachika jina la Nchi Kavu, likamganda. Nchi Kavu sasa ana mvi, ana mke na watoto, lakini roho yake bado inataka kitu kimoja tu: baba yake amwite fundi, hata mara moja, hata kwa bahati mbaya.

Basi makumbusho yakaipata ndege ileile aliyokuwa akiirusha mzee. Ilikuwa hoi, panya wamezalia kwenye kiti. Ilitakiwa ipandishwe juu ya manowari kuukuu iliyofungwa gatini, ioneshwe siku ya ufunguzi. Nchi Kavu akaivalia njuga. Akapiga msasa, akaziba matundu, akapaka rangi, nyumbani akawa anaingia kama mgeni.

Sasa, ndege za manowari hukunjwa mabawa, maana tumboni mwa meli ni kubanana. Hiyo ndiyo akili yake yote. Lakini Mkurugenzi hakutaka ndege iliyojikunyata. Alisema wageni wanakuja kuona mabawa, si viwiko. Nchi Kavu, badala ya kubisha, akayanyoosha na kuzichomelea bawaba zake. Akachomelea kwa moyo, hata shetani asingeyakunja tena.

Asubuhi ya kuitoa, trela lipo, Mkurugenzi yupo na tai yake, na Rubani yupo kwenye kiti cha magurudumu, ndani ya sare iliyokwisha kumpwaya mabegani. Ndege ikasukumwa mlangoni, ikagota. Ikasukumwa kiubavu, ikagota. Karakana nzima, jamani, na hakuna aliyekumbuka kwamba ndege ile iliingia ikiwa imekunjwa!

Mkurugenzi akaamuru bawa moja likatwe, kwani wageni walikuwa njiani. Nchi Kavu alitamani ardhi ipasuke immeze. Akawasha msumeno, akakata huku machozi yakimtoka, akisingizia cheche. Baba yake alitazama mpaka mwisho.

Kule sitahani, Mkurugenzi, ambaye hakosi la kusema, aliwatangazia wageni kwamba bawa lile lilikatwa na kombora la adui katikati ya bahari. Watu wakaguna kwa heshima. Kisha akamgeukia shujaa mwenyewe athibitishe.

Nchi Kavu akainamisha kichwa, akingoja aibu imshukie mbele ya umati. Baba yake hakuwahi kudanganya kuhusu vita. Aliwahi kugombana na shemeji yake msibani kwa kuongezewa ushindi mmoja tu. Mzee akaomba asogezwe karibu. Akapitisha kidole kwenye ule mkato, polepole, mwanzo hadi mwisho.

"Nimepigwa na wengi," akasema. "Lakini hebu tazameni mkato huu ulivyonyooka. Aliyeupiga ni fundi."

Wageni wakampigia adui makofi. Nchi Kavu, amesimama nyuma kabisa, akayapokea yote.