Swali la Tisa

Kama kuna kazi ya kichaa hapa Johannesburg, ni hii yangu: kutafuta mabaharia katika mji usio na bahari. Ukitaka msusi, fundi cherehani au mlinzi wa geti, nenda Yeoville, utawapata kabla hujamaliza mtaa mmoja. Ukitaka mtu wa kushika zamu kwenye mashua ya tanga, wiki tatu bila kuona nchi kavu, unakaa kama ninavyokaa mimi, Jumbe wa Tanga, kwenye meza ya nyuma ya mkahawa mmoja Fordsburg, chai inapoa mbele yako, na unasikiliza uongo.

Huu ni mwaka wa sita. Aliyenipa kazi ni nahodha Denise, ambaye hupeleka mashua mpya kwa wanunuzi wa ng'ambo. Wazazi wake ni watu wa Lubumbashi, yeye amezaliwa Durban. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na nimeshazoea. Yeye yuko gatini Durban, mimi huku nawahoji watu, napiga simu kwa waliowahi kufanya nao kazi, najaza fomu yake ya maswali kumi na mawili, namtumia. Nilikuwa baharia miaka ishirini na mmoja mpaka goti hili la kushoto liliponitoa kazini. Anayenidharau namwonyesha goti. Ndicho cheti changu.

Wiki hiyo niliianza nimenuna. Jumatatu asubuhi Denise alipiga simu.

"Anko Jumbe, nataka mtu wa tatu kabla ya Alhamisi jioni. Durban hadi Shelisheli. Na sitaki Adrien mwingine."

Adrien nilimpeleka mimi. Mrundi mmoja mpole wa Bellevue, nyumba ya pili kutoka kwangu, mtu wa kusema ndiyo kwa kila kitu. Safari iliyopita alilala katika zamu yake, na meli ya mizigo ikapita karibu nao kiasi kwamba Denise alisoma jina la meli ubavuni. Walikuwa watu watatu ndani ya ile mashua.

"Ukiniletea mwingine kama yule," alisema, "sitakupigia tena. Na si hasira, Anko. Ni maisha yangu."

Basi nikatangaza kila mahali, na Jumanne wakaja. Wa kwanza alikuwa Cédric, amevaa kofia ya nahodha yenye nanga mbele. Alinionyesha picha yake ameshika usukani, uso ameukunja kama anakabili tufani. Nikaivuta picha kwenye simu. Nyuma yake kulikuwa na bibi anatembeza mbwa wawili na watoto wanalisha bata.

"Hapa ni Emmarentia," nikamwambia. "Hili ni bwawa la bustani."

"Maji ni maji, mzee," akajibu bila haya. Nikamwambia amalize chai yake aende.

Baada yake akaja Clémence, msusi, dada mwenye adabu zake, aliyedhani namtafutia nafasi ya saluni kwenye meli ya watalii. Nilipomweleza kwamba mashua yetu ina watu watatu na choo kimoja, alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nina familia.

Hapo kichwa kilikuwa kinaniuma. Ndipo akaingia Placide.

Alikuwa ametoka moja kwa moja kazini Rosettenville, anakolinda duka la vifaa vya ujenzi, na bado alikuwa na koti la kampuni. Mtu wa miaka arobaini na kitu, hana maneno mengi. Akanisalimu kwa mikono miwili, akangoja nimwambie akae.

"Umekaa baharini muda gani?"

"Miaka kumi na ine, mukubwa. Nilikuwa kapiteni."

Nikaandika kumi na nne. Nikamtupia kamba, nikamwambia afunge kitanzi kisichoteleza. Alikifunga huku ananitazama usoni, vidole vinakwenda vyenyewe. Nikamuuliza afanyeje moto ukiwaka kwenye injini, afanyeje mtu akianguka majini, wimbi la ubavu analikabili vipi. Kila swali alilijibu polepole na sawasawa. Pasi yake ya Kongo ilikuwa hai. Nilifurahi, nakiri, na mimi nikifurahi huwa na haraka.

Nikafika swali la tisa: umewahi kukataa kuondoka bandarini? Swali hilo siulizi, naandika mwenyewe. Jibu ni hapana. Nahodha gani anataka mtu wa kumgomea? Wote niliowapeleka kwa Denise niliwaandikia hapana, na wakipigiwa simu niliwaambia waseme hivyohivyo.

Placide, aliyekuwa anaisoma fomu mezani, akanyanyua mkono kidogo. "Mukubwa, ile ya tisa, nilikuwa na..."

"Hiyo tumeshapita."

Akaushusha mkono.

Alipoondoka nikapiga simu kwa mtu aliyemtaja, mwenye boti aliyekuwa bosi wake, anaitwa Ezéchiel, yuko Kalemie. Sauti kubwa, mtu wa kufoka.

"Placide? Namujua. Alikuwa anaendesha boti yangu, Kalemie kwenda Kigoma, kurudi Kalemie. Miaka mingi."

Kalamu ikanitoka mkononi. Kigoma! Miaka kumi na nne ya bahari niliyoiandika kwa wino ilikuwa ziwa Tanganyika.

"Na tena yule ni mwoga," Ezéchiel akaendelea. "Siku moja boti imejaa, batu bameisha kupanda, yeye anakatala kutoka. Eti upepo. Anachukua ufunguo, anaenda kukaa kwake. Nikamufukuza siku ileile, nikaweka kapiteni mwingine."

Sikutaka kusikia zaidi. Nilimshukuru, nikakata simu, nikampigia Placide nikiwa bado nimesimama. Watu wa meza ya pili waligeuka kunitazama.

"Umenidanganya!"

"Nimekudanganya nini, mukubwa?"

"Nimekuuliza bahari, wewe unanipa ziwa!"

"Kule kwetu batu bote banasema bahari. Ukisimama Kalemie hauone ngambo. Ziwa, kwetu, ni ile mama ananyonyesha mutoto."

"Usinifundishe Kiswahili!"

"Sifundishe, mukubwa. Uliuliza bahari, nikajibu bahari yetu. Haukuuliza kama iko na chumvi."

Ukweli ni kwamba sikuuliza. Hilo ndilo lililonichoma. Mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye maji ya chumvi, na sikuwaza kwamba neno bahari linaweza kuwa la mtu mwingine pia. Badala ya kukubali, nikapandisha sauti.

"Na kazi uliikataa, bosi wako ameniambia. Baharia gani anaogopa upepo? Rudi ukalinde geti lako."

Hakunijibu kwa ubaya. Alisema tu, "Sawa, mukubwa," akangoja mimi nikate.

Jumatano nikampata Jimmy. Vyeti vyake vilikuwa safi, safari zake niliweza kuzihakiki moja moja, na kila nilichosema aliitikia kwa kichwa. Nikamjazia fomu, swali la tisa hapana, nikamtuma kwa Denise jioni hiyo. Nikajiambia nimemaliza. Lakini usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, na sikujua ni kwa nini.

Alhamisi kabla ya adhuhuri, Denise akapiga.

"Anko, huyu Jimmy. Swali la tisa ameandika hapana."

"Ndiyo. Safi kabisa."

"Nimefungua fomu zote ulizowahi kuniletea. Kumi na moja. Wote hapana. Kila mtu unayemwona wewe hajawahi kukataa kuondoka hata mara moja?"

"Si ndilo jibu zuri?"

Nikasikia kamba zinagonga mlingoti upande wake.

"Eish, Anko," akasema mwishowe. "Miaka sita?"

"Miaka sita nini?"

"Lile ni swali ninaloliona kubwa kuliko yote. Nalala masaa manne, roho yangu iko mikononi mwa mtu aliye juu kwenye zamu. Namtaka yule anayeweza kuniamsha akaniambia hapana, hii hatuendi, au hapana, mimi naumwa, siwezi zamu. Unajua Adrien alikuwa na nini usiku ule? Homa. Nilimuuliza kama anaweza, akasema ndiyo. Alikuwa anatetemeka, akasema ndiyo!"

Nilikaa. Mimi ndiye niliyemwambia Adrien, mezani hapahapa, kwamba nahodha hapendi kuambiwa hapana. Nilimfundisha kwa nia njema kabisa, na nilijisifu. Watu kumi na mmoja nilikuwa nimewafundisha kulificha neno alilolitaka, na aliyetaka kulisema nikamtupa. Nilijisikia mjinga kuliko Cédric na kofia yake.

"Yupo mmoja," nikasema. Maneno yalitoka kwa shida. "Lakini ni mtu wa ziwa. Tanga hajawahi kulishika. Na nimemfukuza kwa maneno mabaya."

"Alikataa?"

"Alikataa, akafukuzwa kazi."

"Mwunganishe kwenye simu. Sasa hivi."

Simu iliita sana. Nilidhani ameliona jina langu akaiacha, na ningekuwa mimi ningeiacha. Akapokea.

"Placide, ni Jumbe. Kwanza nisamehe, ndugu yangu. Yale maneno ya geti hayakuwa yako, yalikuwa ya hasira zangu. Nahodha yuko kwenye simu, anataka kukuuliza jambo. Mjibu kwa lugha yako, anasikia."

Denise akauliza kwa Kiingereza, nami nikatafsiri: siku ile uliyokataa, ilikuwaje?

"Asubuhi maji yalikuwa sawa," Placide akasema. "Lakini upepo wa kusini ulikuwa umelala siku tatu, na mawingu ilikuwa inashuka ku milima. Nikamwambia bosi, tungoje kesho. Akasema hapana, batu bameshalipa. Nikachukua ufunguo, nikaenda kwangu. Akaleta ufunguo ya pili."

Denise akauliza swali ambalo mimi sikuliuliza, kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kukasirika. Nikalitafsiri kwa sauti ndogo.

"Na ile boti, ilifika?"

"Haikufika."

Mkahawa mzima ulikuwa unapiga kelele, sahani na vijiko, mtu anaagiza biriani. Mimi sikusikia kitu.

"Batu makumi tatu na saba," Placide akasema. "Kapiteni mwenyewe alikuwa rafiki yangu. Njo maana nilitoka kule. Batu balikuwa bananiuliza, kama ulijua, kwa nini haukukatala kwa ajili ya bengine pia?"

Kisha Denise akaanza kusema kazi: mashua ina futi ngapi, wako watu wangapi, zamu zinakwendaje. Akasema tanga atamfundisha njiani kwa siku mbili, ila kukataa asingeweza kumfundisha mtu. Akauliza kama anaweza kupanda basi la leo, waondoke kesho.

Nikatafsiri. Placide hakusema ndiyo.

"Kesho upepo unatoka wapi kule?"

"Kusini-magharibi," Denise akajibu, "mpaka Jumamosi usiku."

"Na maji yanaenda wapi?"

Hapo nilishtuka. Pwani ya Durban kuna mkondo mkubwa unaoshuka kusini, na upepo wa kusini-magharibi ukikutana nao, bahari husimama wima. Mtu wa ziwa hajui hilo. Alikuwa anauliza tu, kama anavyouliza mtu anayetaka kuishi. Denise akamweleza.

"Basi nitapanda basi leo," Placide akasema, "lakini kesho sitoke. Jumapili nitaangalia. Nikikatala, nimekatala. Kama haiwezekane, niambie sasa nibaki ku kazi yangu."

Nikafungua mdomo nimkemee, mazoea ni kitu kibaya. Huongei hivyo na nahodha siku ya kwanza! Kabla sijasema kitu, Denise akasema. Miaka sita sijawahi kumsikia akitamka hata neno moja la lugha ya mama yake.

"Kuya," akasema. Yaani njoo, kama wanavyosema Lubumbashi. "Kuya, yaya Placide." Yaya kwao ni kaka mkubwa. Sauti yake ilikuwa ya mtoto anayejaribu viatu vya mkubwa. Akakata simu haraka, nadhani kwa aibu.

Nikabaki na Placide kwenye laini. Nikamweleza basi linatoka wapi, abebe koti zito, ampigie nani akifika. Nikachukua fomu yake, nikafuta hapana ya swali la tisa kwa mistari mitatu.

"Mukubwa," akasema, "na weye? Miaka yako yote mu bahari ya chumvi, ulikatala mara ngapi?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya goti. Ilikuwa mbele ya East London, bandari ya hapahapa Afrika Kusini, upepo uleule wa kusini-magharibi. Niliuona tangu gatini, nikajua, na nahodha aliponiuliza tunakwenda, nikasema sawa kapteni. Wimbi la tatu ndilo lililonibamiza kwenye chuma. Mwaka wa kumi sasa naonyesha watu goti hili kama cheti.

Ningeweza kumdanganya, asingejua. Nilikuwa nimewajazia watu kumi na mmoja neno hilohilo bila kuwauliza, na sasa ilikuwa zamu yangu kulijibu.

"Hapana," nikamwambia. "Hata mara moja."