Zamu ya Marehemu Antipasi

Wewe unayesoma, ulipita. Ulikuwa na haraka ya Dodoma. Ukaiona foleni ya zahanati ile kando ya barabara ya Ikungi, ukafunga kioo vumbi lisiingie, ukainamia simu. Basi sikia ulichokipita.

Alhamisi ya dawa za kifafa watu hupanga madaftari kwenye benchi tangu alfajiri, kila daftari na zamu yake. La nne lilikuwa la Antipasi, aliyezikwa Februari. Alilileta mwenyewe, amevaa koti la maziko, udongo mabegani.

"Shikamoo, mzee Antipasi."

"Marahaba. Mvua huku juu mmepata?"

Muuguzi Peniel akampa vidonge vya mwezi. Jina lilikuwamo kwenye orodha, na mgao ulikuja kwa majina kumi na moja. Scola, jirani wa Antipasi, alikuwa wa kumi na mbili. Fomu yake ilikwenda wilayani tangu masika ya mwaka juzi.

Marehemu hamezi. Antipasi akavifikisha kwa mjane wake, Asnath, akarudi makaburini. Asnath akavigeuzageuza. Dawa ileile, kipimo kilekile alichoandikiwa Scola, na daktari yuleyule. Mkono wa kushoto wa Scola ulikwisha kuungua kwenye mafiga, siku alipoanguka akisonga ugali. Asnath akampa.

Miezi mitatu Scola hakuanguka. Wa nne, mtendaji wa kijiji, Mazengo, akapiga hodi kwa Asnath.

"Mama, dawa ya mtu haigawiwi. Ni kosa kisheria. Ungeweza kumuua."

"Kipimo ni hichohicho, baba. Au mnataka nimnyweshe marehemu?"

"Marehemu hana kosa, karatasi zake ziko sawa. Kosa ni lako, uliyempa aliye hai."

Vidonge vikachomwa kwenye shimo la zahanati, kama kanuni isemavyo. Antipasi alisimama kando, akikohoa moshi.

Jumatatu Scola aliangukia motoni, uso kwanza. Asnath ndiye aliyemtoa, na Jumatano wakamzika.

Alhamisi iliyofuata daftari la Scola lilikuwa la tano, nyuma ya la Antipasi. Alisimama akipangusa majivu kwenye khanga. Peniel akapekua faili: fomu imerudi, ina muhuri. Akamhesabia vidonge vya mwezi.

"Pole kwa kusubiri, dada."

"Asante."

Sara, aliye hai, mwenye mtoto mgongoni, akaambiwa mgao umekwisha, fomu yake iko wilayani.

Mafiga ya Sara yanawaka sasa hivi. Fungua mlango. Shuka. Nenda wilayani, uliza fomu yake iko meza ya nani, na usitoke humo mpaka uipate mkononi, imegongwa muhuri.