Mkono Uliopona Asubuhi

Shuka zilifika mezani zikiwa bado na joto la mashine ya kukaushia, na Mvuke alizikunja kwa mkono mmoja na nusu. Wa kulia ulifanya kazi yote. Wa kushoto ulishika pindo tu, kiwiko kimebanwa ubavuni kama cha mtu aliyeficha kitu kwapani. Jina hilo alipewa na wenzake kiwandani hapo, mahali pa kufulia nguo za mahospitali, alipokuwa bado kwenye pasi kubwa, kabla bega halijamgomea. Sasa alikuwa meza ya kukunja. Hiyo ilihesabiwa kazi nyepesi, na kwa kanuni za kampuni mtu hapewi kazi nyepesi zaidi ya mwezi. Mwezi wake ulikwisha jana.

"Leo ndiyo leo," alisema shoga yake kutoka ng'ambo ya meza. "Daktari yupo."

"Akisema bado naumwa, lazima wanitafutie kazi nyingine ya kudumu. Akisema nimepona, narudi kwenye pasi."

"Basi ukifika pale jikunje. Lia. Toa na kikohozi."

"Kikohozi cha bega?"

"Wewe kohoa tu, hawa hawatofautishi."

Mvuke alicheka, akaacha haraka, maana hata kicheko kilimvuta shingo.

Ile pasi ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mrefu. Kifuniko kikiwa wazi, mpini wake ulisimama juu ya kichwa cha Mvuke, na kila shuka ilimdai anyanyue bega, adake mpini, avute chini kwa uzito wa mwili. Aliomba kibao cha kusimamia. Msimamizi akajibu kwamba kibao ni hatari, mtu anaweza kuteleza. Akaomba mpini ushushwe. Akaambiwa mashine si yake peke yake. Bega lilikuwa lake peke yake.

Chumba cha daktari wa kampuni zamani kilikuwa stoo ya sabuni, na harufu ilikuwa haijahama. Msimamizi alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Shikamoo, mama," daktari alisema. Alikuwa kijana, na vidole vyake vilikuwa na adabu. Alivipitisha kati ya shingo na ubapa wa bega, polepole, akibonyeza. "Hapa?"

"Shuka kidogo. Hapo!"

Msuli uliruka chini ya kidole, ukacheza kama jicho linavyocheza lenyewe.

"Nimelipata. Fundo kama punje ya hindi. Nitachoma dawa ya ganzi ndani ya fundo lenyewe, litalegea. Wapo wanaopata nafuu wiki kadhaa, wapo wanaopata siku moja. Kinacholifunga kisipoondoka, litajifunga tena."

"Kinacholifunga ni pasi, mwanangu."

"Hiyo pasi sijaiona, mama. Mimi nimeletewa bega."

Sindano iliingia, ikatafuta, na maumivu yakapanda mpaka nyuma ya sikio. Kisha ukaja uvuguvugu. Kisha pale palipokuwa na moto tangu masika, hapakuwa na kitu.

"Nyanyua mkono, tuone."

"Tungoje ganzi iishe kwanza," Mvuke alisema.

"Inaisha lini?" msimamizi aliuliza.

"Alasiri," daktari alijibu.

"Alasiri! Pasi mbili zimesimama, daktari."

Daktari alisugua paji la uso. "Kaa kwanza kwenye benchi hapo nje, mama. Nikimaliza na wengine nitakuita."

Alikaa. Ukumbi ulikuwa na baridi kidogo, na kilemba chake kilikuwa kimelegea tangu alipovua sare begani. Alipeleka mikono yote miwili kisogoni, akakivuta, akakikaza, akapiga fundo. Tangu maradhi yaanze, binti yake ndiye aliyemfunga kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Utamu wa kujifunga mwenyewe ulimpitia mwilini hata akafumba macho. Alipoyafumbua, msimamizi alikuwa amesimama mbele yake.

"Hongera, mama," alisema, na hakuwa na kejeli. "Daktari! Njoo. Mikono yote miwili mpaka kisogoni."

Daktari alitokeza kichwa. "Ni kweli?"

"Nimefunga kilemba."

"Uliumia?"

"Sikuumia," alisema Mvuke, kwa sababu hakuumia.

Daktari alirudi ndani, akaandika kwamba amepona.

Asubuhi iliyobaki alipiga pasi kama zamani. Wenzake walipiga vigelegele, "Mvuke karudi!" naye akawapungia, kwa mkono wa kushoto, akijua anachokifanya na asiweze kujizuia. Baada ya chakula cha mchana bega lilianza kama kuwasha. Halafu kama kidole cha mtu kinachobonyeza na hakiondoki. Shuka moja ilitoka na mkunjo. Iliyofuata, alidaka mpini, akavuta, na kifuniko kikaishia katikati.

Alikirudisha juu kwa mkono wa kulia shuka isiungue, akazima mashine, akaondoka.

"Wapi?" msimamizi aliita, akimfuata.

"Kupimwa."

"Si umeshapimwa asubuhi?"

"Asubuhi ilipimwa dawa. Mimi bado."

Daktari alikuwa ameshafunga mkoba wake. Mvuke alisimama mbele yake bila kukaribishwa, akanyanyua mkono. Ulifika usawa wa kifua, ukatetemeka, ukagoma. Hakulia, wala hakukohoa. Aliuacha hapo hapo mpaka daktari alipouangalia sawasawa.

Daktari alifungua mkoba. "Nikuongezee nyingine," alisema kwa upole. "Utaweza kumaliza zamu."

Msimamizi alishusha pumzi. "Hilo ndilo neno."

Mvuke alishusha mkono. Akavuta kiti cha wagonjwa, akakaa, akafunga kifungo cha juu cha sare.

"Hapana, mwanangu. Andika kwanza ulichokiona. Habari ya sindano tutaizungumza baadaye."

Daktari alitazama saa yake, kisha akamtazama msimamizi. Upande wa pili wa ukuta pasi moja ilikuwa kimya, na shuka za mahospitali zilizidi kuja.